Kiingereza cha Mama Upindo

Mtaani tunamwita Mama Upindo, kwa sababu kila nguo anayoshona huiachia upindo mkubwa, eti mtoto atakua. Hata suruali yangu ya kustaafia aliiachia. "Mwalimu, huwezi jua, labda utarefuka," aliniambia, akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Cheko hilo ni la mchana tu. Binti yake alihamia ng'ambo, akazaa huko, na mjukuu ametimiza miaka mitano bila bibi yake kumgusa hata ukucha. Kiswahili hajui. Kila Jumapili wanatazamana kwenye simu, wanapungiana mikono, basi. Mama Upindo alikuwa na hamu ya kumwita aje, amwite kwa kinywa chake mwenyewe, bila binti kutafsiri.

Akanijia mimi, niliyefundisha Kiingereza miaka thelathini. Nikampa "come". Akaikataa.

"Hiyo ya kumwita mtu akachapwe. Nipe wanayoambiana watu na ndugu zao."

Nikampa "drop by". Nikamweleza kuwa ni kumpitia mtu tu, bila miadi, bila makuu, ukakaa kidogo ukaenda zako. Ni lugha ya nyumbani, haiandikwi kwenye barua ya ofisi. Kisha, kwa ukorofi wangu wa ualimu, nikaongeza kwamba yeye haimfai. Huambiwa mtu aliye karibu, wa mtaa wa pili, si wa safari ya ndege mbili.

"Wewe nifundishe kusema," akanijibu. "Umbali niachie mwenyewe."

Wiki nzima aliisema huku akikanyaga cherehani. Jumapili akaniita nikae karibu, asije akakwama. Uso wa mtoto ulipotokea, akasema polepole, bila kukosea, "Drop by, mjukuu wangu. Drop by."

Mtoto akatabasamu, akaitikia, "Okay, Bibi!" akatoka mbio. Tukabaki tunatazama kiti kitupu.

"Kwani nimemuudhi?"

"Hapana, mama," binti akasema. "Ameenda kuvaa viatu."

Akarudi navyo miguuni, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto, akasimama mbele ya simu kama anayengoja mlango ufunguliwe.

Mama Upindo akanishika mkono. "Mwalimu, upesi. 'Subiri kidogo' wanaisemaje?"