Kibati Namba Arobaini na Moja

Mama Kibati hakuzaliwa na jina hilo. Alibatizwa na madereva wa mabasi ya wageni, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa ile ile: kukaa kwenye kibanda cha tiketi mdomoni mwa korongo na kumpa kila anayeingia kibati cha shaba chenye namba. Unaingia na kibati chako, unatembea juu ya njia ya mbao iliyopigiliwa ubavuni mwa jabali, mto unanguruma chini ya nyayo, na ukiinua uso unaona kipande cha mbingu na ncha ya kilele chenye theluji. Unafika kwenye maporomoko, unapiga picha zako, unarudi, unakabidhi kibati. Yeye anakitundika ubaoni kwenye msumari wake. Misumari sitini, vibati sitini. Ubao ukijaa, korongo ni tupu na lango linafungwa. Ukibaki msumari mmoja wazi, mzee wa zamu waliyemwita Tochi lazima aingie na taa yake mpaka mwisho wa njia kumtafuta aliyebaki.

Kazi rahisi, utasema. Ingekuwa rahisi kweli kama isingekuwa na binadamu. Binadamu ukimpa kitu kizuri cha shaba, anakitia mfukoni na kwenda nacho kwao. Kila wiki kilipotea kimoja au viwili, na kila mara Tochi alijikokota na magoti yake mabovu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na hakuwahi kukuta hata paka. Mama Kibati akaona atumie akili. Alimwendea fundi vyuma mmoja, akachongewa vibati vya akiba, namba zote sitini, na akawa anamrudia kila vilipopungua, akavificha kwenye kopo la majani ya chai ndani ya droo. Kikikosekana kimoja, anatoa pacha wake, anakitundika, ubao umejaa, kila mtu kwao. Meneja hakujua. Tochi naye hakujua, ila alikuwa akisema wageni wa siku hizi wamestaarabika sana.

Mambo yalikwenda hivyo miaka minne, mpaka jioni moja ya mwaka uliopita. Manyunyu yalikuwa yameanza, na Mama Kibati alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi. Msumari wa arobaini na moja ulikuwa wazi. Akautazama, akavitazama viatu, akafungua droo.

Asubuhi yake wageni wa kwanza walimkuta mzee mmoja karibu na maporomoko, ameketi kwenye ubapa wa jiwe chini ya njia ya mbao, kifundo cha mguu kimeteguka na midomo imegeuka rangi. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Aliteleza, akaangukia pale, kibati kikamtoka mkononi, akapiga kelele, lakini mle ndani maji humeza kila sauti. Baridi ilimla vidole viwili vya mguu. Huko hospitali alisema jambo moja tu bila kuyumba, kwamba aliingia kwa lango na akapewa namba arobaini na moja. Meneja akaenda kuutazama ubao, akaiona arobaini na moja inaning'inia mahali pake.

"Jana ubao ulijaa?" akauliza mbele ya watu.

"Ulijaa," akajibu Mama Kibati. Na hakudanganya. Hilo ndilo lililomsuta kuliko uongo.

Basi ikaamuliwa kwamba mzee aliingia kwa njia ya juu ya wachungaji, bila tiketi, na kwamba akili zake hazimo tena.

Mwaka mzima Mama Kibati alijitia hamnazo. Mchana alichangamka na kutaniana na madereva, lakini msumari ule hakuugusa. Kibati cha uongo kiliendelea kuning'inia palepale. Hakuwapa wageni kile. Kila siku aliruka kutoka arobaini kwenda arobaini na mbili.

Sasa msimu wa joto ulikuwa umerudi, na Mwalimu naye akaja. Alikuja na fimbo, pamoja na binti yake aliyeendesha gari. Mama Kibati alimtambua mara tu alipomwona dirishani.

"Dada, samahani," binti alisema, "Baba kang'ang'ania kuingia. Mimi kule siwezi, nina kizunguzungu cha ajabu. Hakuna mtu wa kumsindikiza?"

"Nitakwenda mwenyewe," Mama Kibati akajisikia anasema, kisha akamwita Tochi ashike dirisha.

Alikuwa hajaingia mle tangu siku ile. Hewa ilikuwa ya ubaridi ingawa nje jua lilikuwa kali. Maji yalipita chini meupe, yamebeba unga wa mawe kutoka kwenye barafu ya juu, na chuma cha kushikia kilikuwa kimelowa. Mwalimu alitembea taratibu akigonga kila ubao kwa fimbo.

"Mbao mia tatu na kumi na mbili mpaka kwenye ngazi," alisema. "Nilizihesabu siku ile. Mwehu anahesabu mbao?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi waambie watoto wangu. Wamenichukulia funguo za nyumba yangu mwenyewe. Jiko wameling'oa, ati nitajiunguza. Mimi! Nimemwambia binti yangu hivi: nikikipata kile kibati, unanirudishia funguo leo leo. Nisipokipata, nahamia kwako, nakaa chumba cha nyuma, sibishani tena."

Mama Kibati akauliza, "Wewe mwenyewe unaamini ulikuwa nacho?"

Mwalimu alisimama. "Mwanzoni sikuwa na shaka hata chembe. Sasa nikiamka asubuhi najiuliza. Ukiambiwa mwaka mzima kwamba hukushika kitu, hata mkono wako unaanza kukubali."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani aseme palepale, lakini akafikiria kazi, miaka kumi na tisa, sura ya meneja, na maneno yakarudi tumboni.

Walipofika pale alipoteleza, Mwalimu akapiga magoti na kuanza kupapasa kati ya mbao na mwamba, akiingiza vidole kwenye kila ufa. Mama Kibati alisimama nyuma yake. Akatazama chini. Kwenye shina la nguzo ya chuma, kwenye ufa uliojaa majani makavu, ukingo wa shaba ulikuwa ukichungulia, umeota kutu ya kijani.

Akaukanyaga.

Hakupanga. Mguu ulikwenda wenyewe, ndani ya viatu vile vile vya ngozi, ambavyo sasa vilikuwa vimechakaa pembeni.

Mwalimu alitafuta mpaka mikono ikawa myekundu kwa baridi. Mwishowe akaketi juu ya mbao, akavua miwani na kuifuta kwa shati, ingawa shati lenyewe lilikuwa limelowa.

"Haya," alisema polepole. "Ni mimi, basi. Nimeharibikiwa. Twende, mama, nisikuchoshe bure."

Mama Kibati hakuweza kupiga hatua. Alimwona mzee yule akijikubalia wazimu ambao yeye ndiye aliyemvika, na akajichukia kama hajawahi kumchukia mtu. Akauinua mguu.

"Mwalimu. Hebu angalia hapa."

Mwalimu alikichokoa kwa ncha ya fimbo, akakisugua kwenye suruali. Nne. Moja. Akacheka, halafu akalia, halafu akamshika mkono. "Mungu akupe maisha marefu. Macho yako yameniokoa." Njia nzima ya kurudi alimmwagia baraka, na kila baraka ilimchoma. Angemtukana angalau angepumua.

Langoni Mwalimu alimnyooshea binti yake kibati. Binti akakipokea, akakigeuza, kisha akatazama ubao nyuma ya dirisha. Uso ukamwanguka.

"Baba, arobaini na moja si ile pale imetundikwa?" Akashusha sauti, kwa huruma iliyouma kuliko ukali. "Baba yangu, hiki umekwenda kuchongesha wapi?"

Furaha ikamtoka Mwalimu palepale. Alimgeukia Mama Kibati, shahidi wake pekee.

"Hakuchongesha yeye," akasema Mama Kibati. "Kile cha ubaoni nilichongesha mimi."

Akaingia ndani, akatoa kopo, akalimwaga juu ya meza. Vibati vikatawanyika mbele ya Tochi, ambaye alibaki ameduwaa. Akasema yote: kopo, msumari, manyunyu.

"Ulijua kuna mtu ndani?" binti akauliza.

"Sikujua. Sikutaka kujua. Nilikuwa na viatu vipya."

Mwalimu aliingia kibandani, akakitungua kibati cha uongo, akakiweka mezani, akatundika chake. Kisha akamfungulia binti yake kiganja, naye akatoa funguo kwenye mkoba huku machozi yakimtiririka.

Alipofika mlangoni Mwalimu akageuka. Hakuwa na hasira, na Mama Kibati angeomba awe nayo.

"Unajua mle ndani nilijipa moyo kwa kitu gani?" alisema. "Sauti ilipokauka, nilijiambia: tulia, mzee, msumari wako uko wazi. Yule mama lazima ameuona. Wanakuja."

Akaenda zake, na fimbo yake ikasikika ikigonga mpaka kwenye gari.