Asubuhi Mama Alipovuka Geti

Soko la Nyawera mama yangu alilijua kwa pua. Lilikuwa nyuma tu ya ukuta wetu, na kila asubuhi harufu ya sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, mawese na vitenge vipya ilimkuta barazani, naye akasema leo samaki wameingia wengi, au leo ndizi za Mudaka zimefika. Hakuwahi kulikanyaga. Wauzaji waliingia uani wakatandaza bidhaa zao, mama akachagua kwa kidole, mpishi akabeba. Sisi tulikuwa wangwana, Waislamu ambao babu zetu walitoka Kasongo, na kwetu mke aliyetunzwa ndani ndiye aliyeheshimiwa. Baba alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na hakumnyima mama kitu: bangili mpaka karibu na kiwiko, sanduku la vitenge ambavyo hata havijashonwa, gari lenye mapazia la kumpeleka harusini na matangani. Majirani zetu Wakatoliki, waliopanda milima ya Bukavu na mabeseni kichwani, walimwonea wivu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilisubiri kwa hamu nikue nifungiwe kama yeye.

Siku moja mama alitoka kwa mguu. Alikwenda nyumba ya pili tu, kwa Maman Furaha, kumwona mtoto aliyezaliwa. Baba akarudi mchana asimkute. Hakumpiga, baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini hasira ilimlalia kifuani, na kesho yake alipokuwa anaondoka kwenda Luhwindja kununua dhahabu, alisimama kando ya gari, kaka yake akiwa pale, akamwita mama. "Mi naenda Luhwindja," alisema. "Ukivuka hii geti mbele mi nirudie, iko talaka tatu." Kaka yake, baba mukubwa, akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Talaka tatu si maneno ya kuchezea: mama akitoka kabla baba hajarudi, ndoa imekwisha kabisa, hakuna kurudiana. Mama akajibu, "Ndiyo, Papa Zubeda," kwa jina langu kama kawaida yake, akaenda kumwangalia mdogo wangu Idi aliyekuwa analia. Yalikuwa maneno ya mtu anayerudi Ijumaa. Nina hakika baba mwenyewe aliyasahau kabla hajamaliza kupanda mlima.

Ijumaa haikumleta. Badala yake ikaja milio ya bunduki kutoka upande wa mto Ruzizi, halafu milio mizito zaidi iliyotikisa vyombo kabatini. Barabara ya Luhwindja ikafungwa. Mpishi akaondoka bila kuaga, mlinzi naye, dereva akatoroka na gari. Watu wakaanza kumiminika kuelekea Mudaka, wengine wamebeba magodoro, wengine wamebeba wazee wao mgongoni. Baba mukubwa alipita na gari lake, wake zake na watoto wake wamejaa ndani. Alishusha kioo kidogo akamwambia mama, "Shemeji, sheria unaijua. Ngoja bwana yako." Akapandisha kioo akaenda. Nimekutana na wanaume wabaya wengi maishani, lakini sijaona kioo kingine kikipandishwa vile.

Asubuhi ile mama alifungua geti akasimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu vikigusa mstari wa saruji, asiende mbele wala nyuma. Mimi nilimshika kitenge. Nilielewa vizuri kabisa kilichokuwa kinampata. Akibaki, tunaweza kufa sote. Akivuka, atakuwa ameachika, na mwanamke aliyeachika kwetu hana nyumba, hana jina, na watoto ni wa upande wa baba. Maman Furaha akatokea na kichanga chake, akashangaa kutukuta.

"Maman Zubeda, unangoja nini?"

"Nangoja bwana yangu."

"Bwana yako haiko hapa. Batoto ndio beko hapa."

Mama akamfungua Idi mgongoni akataka kumkabidhi. "Enda nabo. Mi nabakia." Mimi nikapiga kelele kwamba siendi bila yeye, nikalala chini kabisa, nguo yangu ya shule ikajaa vumbi. Ndipo kitu kikaanguka upande wa soko, na mabati yakaruka juu nikayaona. Mama akamfunga Idi tena, akasema bismillahi, akavuka. Tulipofika njia panda akasimama tena, akaniuliza kwa sauti ndogo tunapita wapi. Alikuwa ameishi Bukavu miaka yote ya ndoa yake na hakuijua njia hata moja. Nikamshika mkono nikatangulia.

Mudaka tulilala kwenye darasa la shule pamoja na watu wengi hadi hali ilipotulia. Tuliporudi, baba mukubwa alikuwa anakaa nyumbani kwetu. Alitupokea na habari kwamba baba ameuawa Luhwindja, katika siku zilezile za vurugu, na waliomzika walikuwa wapita njia. Mama akavua bangili, akaomba shuka jeupe akae eda ya mjane. Baba mukubwa akamuuliza, eda ya nani? Wazee wakaitwa sebuleni, mama akawekwa nyuma ya pazia. Mwalimu mmoja wa madrasa alisema anayekimbia risasi hashikwi na kiapo. Wengine wakasema kiapo ni kiapo, ila kama mume alikufa kabla mke hajavuka geti, basi kilikufa pamoja naye, na huyu ni mjane halali mwenye fungu lake la urithi. Alikufa lini? Hakuna aliyejua kama ilikuwa asubuhi ile au jioni yake, au siku iliyofuata. Kwa kuwa hakuna aliyejua, nyumba ikabaki kwa baba mukubwa, ati anatushikia sisi watoto fungu letu, nasi tukaenda chumba cha kupanga mtaani Kadutu. Alituacha tubaki na mama, maana hakutaka midomo zaidi ya kulisha.

Leo mimi ni mwalimu, na nina mume ambaye nikichelewa ananipigia simu kuuliza kama nimekula. Natoka bila kuomba ruhusa ya mtu, na wanangu wa kike wanaona hilo ni jambo la kawaida, hata wananicheka nikiwaeleza. Mama anakaa kwangu. Hakuolewa tena, waliomtaka aliwajibu kuwa hajui yeye ni mjane wa mtu au mtalaka. Kila baada ya sala anabaki kwenye mkeka muda mrefu, na miaka mingi nilidhani anaomba msamaha kwa kuvuka. Mwaka jana nilipita nyuma yake na chai nikamsikia. Anaomba kwamba siku ile, jua lilipochomoza, kabla yeye hajavuka geti, baba awe tayari amekwisha kufa. Anampenda mpaka leo, ndiyo maana anaomba hivyo: anataka azikwe akiwa mke wake. Na mimi, binti aliyelia kwa ajili ya baba yule usiku na mchana, nilisimama pale na kikombe mkononi nikaitikia amina.