Moshi Chooni Siku ya Wakwe

Kila mvua iliponyesha Eldoret, maji taka yalifurika kwenye barabara moja ya mtaa wa Elgon View, na mzee mmoja wa pale, mwalimu mkuu mstaafu, alitupigia simu sisi wa kampuni ya maji kulalamika. Alisema majirani wake wameelekeza maji ya paa kwenye bomba la maji taka. "Watu wamesoma," aliniambia, "lakini adabu ya mabomba hawana."

Basi tukaamua kupiga moshi. Unafungua shimo la maji taka, unaziba bomba kwa mifuko ya mchanga, unaweka feni kubwa juu ya shimo na kusukuma moshi mweupe usiodhuru. Kisha unatembea ukitazama unakotokea. Ukitoka ardhini, bomba limepasuka. Ukitoka kwenye gata, ile mifereji ya paa, mwenye nyumba ana maelezo ya kutoa.

Siku moja kabla, nilipita geti kwa geti kuwaarifu watu. Mzee alinipokea vizuri na kuninong'oneza nianze na jirani wa pale kona. Hakuniambia kwamba kesho yake angepokea wakwe, wanaokuja kumposa binti yake. Wala yeye hakumwambia mkewe kuhusu moshi.

Asubuhi mwenzangu akawasha feni, nami nikaanza kuzunguka. Kwa jirani wa kona hakukutoka hata uzi wa moshi. Kwa mzee, paa lote lilikuwa linafuka pembeni kama sufuria ya githeri iliyofunikwa vibaya. Kabla sijafika getini nikasikia viti vikianguka.

Soja, mlinzi wa geti, alinifungulia. Wageni walikuwa wamesimama kwenye nyasi na suti zao, na mama mwenye nyumba ameshika sinia ya chapati kama mtu aliyeokoa mtoto. Mwisho akatoka mjomba wa bwana harusi, msemaji wao, mkono mmoja ukishika mshipi.

"Mama, choo chenu kinavuta sigara," akasema polepole. "Nimekaa tu, nikaona moshi unapanda kati ya miguu yangu. Nikajiuliza nimekula nini."

Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nikajitambulisha, nikaeleza kwamba hakuna moto. Choo cha wageni hakitumiki mara kwa mara, kwa hivyo maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la sakafuni kuzuia hewa chafu yamekauka, na moshi umepata njia. Ndoo ya maji ingetosha.

Mjomba akaitikia kwa kichwa, kisha akatazama juu. "Na huko kwa paa? Huko pia kuna choo?"

Wote tukatazama paa. Mzee akakohoa. Nilitamani mjomba angeniuliza faraghani, lakini macho yote yalikuwa kwangu.

"Hizo ni gata," nikamwambia mjomba. "Zimeunganishwa na maji taka."

"Hiyo ni kazi ya fundi," akasema mzee.

"Fundi gani?" mkewe akauliza. "Si ulisimama hapo ukimwonyesha na bakora?"

Mzee alizitazama kucha zake. Mimi nilitazama gambuti zangu. Kisha mjomba akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akamshika mzee mkono.

"Mwalimu, sisi tulikuja tukiogopa," akasema. "Tulisikia huku ni kwa watu wasiokosea. Sasa tunaweza kuongea."

Viti vikaletwa nje, kwa sababu mjomba alikataa kabisa kurudi ndani. Mama akatulazimisha mimi na mwenzangu tukae pia, tukala chapati na kuku mbele ya wazee wa pande mbili. Wakakubaliana kabla chai haijapoa. Bibi harusi alipotoka jikoni kusalimia, aliniuliza kama moshi ule hushika kwenye nguo, nikamwambia la.

Siku chache baadaye mzee alimwita fundi mwingine. Gata zikaingizwa kwenye tangi nyuma ya nyumba, na sasa mama anamwagilia mboga zake za sukuma wiki maji ya mvua.