Haibridi ya Mume Wangu na Mwizi wa Petroli

Siku moja asubuhi nilitoka nje nikampata mume wangu amechuchumaa kando ya gari, ulimi umechomoza kidogo, anaipaka gari rangi ya kucha.

Rangi yangu. Ile nyekundu ninayoweka ya sherehe.

Nikamuuliza, "Baba Bravin, gari inaolewa wapi?"

Hakucheka. Alikuwa anapaka pale kwa kifuniko cha tangi, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bodi, ili mtu akifungua rangi ipasuke.

"Kuna mtu ananiibia petroli," akasema. "Na ni mtu wa hapa ndani."

Sasa, hapa ndani tulikuwa watatu. Yeye, mimi, na mtoto wetu Bravin wa nasari. Bravin bado anashindwa kunywa uji na kikombe bila kumwaga, sembuse kunyonya petroli kwa mpira. Kwa hivyo mnajua ni nani alikuwa anaambiwa.

Wacha niwaeleze vizuri ndiyo mjue nilikuwa naishi na nani.

Mume wangu anaitwa Chrispine. Ni Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, lakini tunakaa Migori mjini. Mimi ni Joyline, Mkuria wa Masara, kule kwa machimbo ya dhahabu. Niko na duka la yunifomu, kwa hivyo katikati ya wiki gari ni yangu, napeleka sweta na sketi kwa mashule mpaka Asumbi. Wikendi ni ya bwana mkubwa, anaenda Rusinga kusalimia mama yake.

Hiyo gari ilipofika kutoka Japani tulihubiriwa, jameni.

"Hii ni haibridi," Chrispine alikuwa anasema. "Iko na injini ya petroli na iko na betri. Ukikanyaga breki, inajichaji. Lita moja, kilomita ishirini na moja. Imeandikwa."

Aliambia pasta. Aliambia kinyozi. Kwenye matanga ya mjomba wake alipewa maiki atoe rambirambi, akasema marehemu alikuwa mtu asiyependa hasara, na kutoka hapo akateleza mpaka kwa kilomita ishirini na moja. Waombolezaji walipiga makofi kwa adabu.

Mimi sina ubaya na hiyo namba. Ni namba nzuri sana. Lakini ilipimwa Japani, bila mashemeji wanne kiti cha nyuma, bila gunia la omena, wale dagaa mama yake hutupa kila wikendi, na bila dereva anayepita malori kwa mlima wa Rongo kama amefukuzwa na nyuki.

Kwa barabara yetu ilikuwa inatupatia kumi na saba hivi. Mimi nilikuwa nashukuru Mungu. Yeye alikuwa anasema gari bado inazoea hewa ya Afrika.

Halafu tukaivalisha.

Nyinyi mnajua sisi. Mtu akinunua gari, plastiki ya milangoni haitoki, na viti lazima vifunikwe. Duka linalopakana na langu ni la Abdurahman, anauza kapeti na kava za viti. Chrispine akachagua kava nene za ngozi bandia, nyekundu na nyeusi, zimeshonwa zikashuka mpaka sakafuni. Ukikaa hapo mchana wa saa nane unatoka umeiva.

Baada ya miezi kadhaa, kitu kipya kikaanza. Ukiwasha gari, kwa dashbodi kunatokea maandishi ya manjano ya Kijapani, na kengele ndogo inalia mara moja.

Bravin akauliza, "Dadi, hiyo inasema nini?"

Chrispine akayaangalia kama mtu aliyesomea Tokyo.

"Inatusalimia," akasema.

Basi kila asubuhi tukawa tunasalimiwa. Bravin akawa anajibu, "Poa." Mimi nilidhani inatukumbusha huduma ya gari tu, na siku yake ilikuwa bado. Ukiishi na mtu anayejua kila kitu unazoea kuacha ajue.

Wakati huohuo kilomita zikaanza kushuka. Kumi na sita. Kumi na nne. Kumi na tatu.

Mtu mwingine angeuliza gari ina shida gani. Mume wangu aliuliza mke ana shida gani.

Hesabu yake ilikuwa hivi: kama lita moja ni kilomita ishirini na moja, na gari inatembea kumi na tatu, basi zile zingine zimeibwa. Namba haiwezi kukosea. Imeandikwa. Binadamu ndiye hukosea, hasa binadamu aliyeolewa.

Na mwizi alikuwa tayari na mshirika. Kaka yangu Gisiri ako Masara, ana pampu ya kutoa maji kwa mashimo ya dhahabu. Pampu hiyo hunywa petroli. Kila Jumamosi Gisiri anakuja mjini na pikipiki, jerikeni imefungwa nyuma, anajaza petroli kwa pesa yake, anapitia kwangu anakunywa chai na kumbeba Bravin mabegani. Miaka yote hiyo jerikeni ilikuwa jerikeni. Ghafla ikawa ushahidi.

Sasa, ile rangi ya kucha ilikaa wiki nzima bila kupasuka hata kidogo. Nikafikiri mambo yameisha.

Wapi.

"Wanatoa kwa chini," Chrispine akasema. "Ndugu yako ni fundi wa mipira."

Nilikasirika kabisa. Tumeoana miaka tisa. Nimemuuguza malaria, tumezika babake pamoja, nimekunywa chai bila sukari mwaka ule duka lilifungwa. Leo naitwa mwizi juu ya namba ya karatasi.

Nikamwambia, "Sema unachotaka kusema."

Akasema. Jumamosi tunaenda Rusinga. Tutajaza tangi hapa Migori, ataendesha yeye mwenyewe, na Abdurahman atakuwa shahidi kwa sababu si Mjaluo wala si Mkuria. Tukifika Mbita tutajaza tena, tuone gari imekunywa nini. Ikifika ishirini na moja mikononi mwake, basi mwizi amejulikana, na nitarudi Masara na masanduku yangu.

Halafu akampigia mama yake simu, akaweka spika ili nisikie. "Mama, mwizi wa mafuta akipatikana, awe nani awe, atatoa mbuzi kwa familia aliyoiaibisha. Umesikia?"

"Nimesikia," mama akajibu. "Awe nani awe."

Nilimpigia Gisiri nikamweleza. Akasema, "Dada, kama ni petroli mimi nitawanunulia, hata tangi nzima. Usivunje nyumba yako juu ya jerikeni."

Hapo ndipo nililia. Nilijaza nguo kwa begi, zangu na za Bravin, nikaliweka nyuma ya gari mwenyewe. Sikutaka kufukuzwa nikitafuta soksi.

Jumamosi ikafika. Tangi likajazwa mpaka pampu ikakata, Abdurahman akishuhudia kwa uso wa mtu ambaye angependa kuwa dukani.

Tukapanda, Bravin na Abdurahman nyuma, na Chrispine akaendesha. Wacha niwaambie alivyoendesha.

Huyu ni mtu wa kupita malori. Siku hiyo aliendesha kama amebeba mayai ya askofu. AC alizima, eti inakula mafuta. Madirisha alifunga, eti upepo unavuta gari nyuma. Jua la Rodi Kopany liko juu, kava ziko chini, na sisi tuko katikati. Malori yalitupita. Pikipiki yenye abiria watatu na kitanda ilitupita, na mwenye kitanda akatupungia mkono.

"Abdurahman, uko sawa?" nikauliza.

"Alhamdulillahi," akajibu kutoka nyuma, kanzu imemgandia mgongoni. "Lakini mama, hapa nyuma kuna kitu kinavuma. Kama feni imekabwa."

"Hiyo ni teknolojia," Chrispine akasema.

Injini haikuzima hata mteremkoni, na zamani mteremkoni ilikuwa inanyamaza kabisa, betri inabeba. Ile salamu ya manjano nayo haikutoka kwa dashbodi tangu Rongo, na sasa kengele ilikuwa inalia tena na tena. Tulisalimiwa safari nzima.

Tukafika Mbita. Mhudumu akajaza tangi. Abdurahman akapiga hesabu kwa simu, akapiga tena, akafuta jasho.

"Kumi na mbili," akasema.

Gisiri alikuwa Masara. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, mikono kwa mapaja. Rangi ya kucha ilikuwa nzima. Na mwenye gari, akiendesha kama malaika, alikuwa ameiba kuliko mimi.

Mnafikiri aliomba msamaha?

"Hata hii pampu inaniibia," akasema. Yaani kutoka Migori mpaka ziwani, mtu mwaminifu alikuwa amebaki mmoja.

Tukavuka daraja, tukaingia kwa boma la mama. Mama Orpah alitoka akitembea polepole, leso imefungwa kiunoni. Alinisalimia mimi kwanza, akanishika mkono muda mrefu. Alikuwa ameona begi.

"Nyar Masara," akaniita, yaani binti wa Masara, "hilo begi ni la nini?"

Nikamwonyesha Chrispine kwa kidole.

Akaenda upande wa dereva, akaingiza kichwa dirishani kumsalimia mwanawe, na macho yake yakatua kwa dashbodi. Kengele ikalia.

"Na haya maandishi?"

"Inatusalimia, Mama."

"Inasalimia kwa kengele?"

"Ndiyo, Mama."

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "mimi nimesalimiwa na watu wengi. Hakuna aliyewahi kunisalimia kwa rangi ya manjano na kengele, tena bila kunyamaza."

Abdurahman akatoa simu. Mizigo mingine ya dukani kwake huja na maandishi ya lugha za nje, na kuna kamera ya simu inayotafsiri. Akaielekeza kwa dashbodi. Akasoma. Akamtazama Chrispine kwa huruma, kisha akasoma kwa sauti.

"Sehemu ya kupoza betri imeziba. Safisha."

Kumbe salamu.

Kumbe betri ya haibridi inapumua, jameni. Kuna tundu dogo kando ya kiti cha nyuma, linavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Likizibwa, betri inachemka, inaacha kusaidia, na injini inabeba kila kitu peke yake kama punda. Hapo petroli itaenda wapi kama si kuliwa?

Abdurahman akashuka, akainua kava yake mwenyewe aliyouza. Chini yake kulikuwa na tundu, na juu ya tundu kulikuwa na tepu nyeusi, imebandikwa vizuri, pembe nne, kazi safi ya mtu aliyejitolea.

"Nani alibandika hii?" mama akauliza.

Kuku wakaendelea kudonoa. Chrispine akakohoa.

"Nilikuwa nazuia vumbi la omena lisiingie kwa betri."

"Omena yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hivyo omena yangu ndiyo mwizi?"

"Hapana, Mama."

"Basi ni nani?"

Mtu mzima, digrii yake iko ukutani, alisimama kwa boma la mamake akiangalia viatu. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilikuwa na hasira ya miaka tisa. Nilisema tu, "Sema, Baba Bravin. Ndugu yangu anangoja."

Akasema kwa sauti ndogo sana. "Ni mimi."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," mama akasema. Akamgeukia mjukuu wake. "Bravin, enda uwaonyeshe zizi la mbuzi. Babako anachagua mmoja. Atanilipa."

"Mama, nilikuwa naongea tu..."

"Mimi nilisikia awe nani awe."

Kesho yake tukaenda Masara. Niliendesha mimi. Tepu ilikuwa imetoka, kava ya nyuma imetolewa, AC imewashwa, na sikukimbia wala sikutambaa. Abdurahman alisema asante, atapanda basi. Kwa hivyo nyuma walikaa Bravin na mbuzi, na mbuzi akachagua kulala karibu na lile tundu, penye hewa inavuta.

Nilijaza mafuta Migori. Kumi na nane. Na mbuzi ndani.

Gisiri alitupata mlangoni, matope ya machimbo mpaka magotini. Chrispine akashuka na kamba mkononi. Kusema ukweli, aliomba msamaha vizuri, mbele ya mama yangu na majirani, bila kuzunguka. Alisema, "Shemeji, nilikuita mwizi na mwizi ni mimi. Dada yako nusura nimfukuze. Nisamehe." Hapo mimi nikaamua begi langu litarudi Migori.

Gisiri akapokea kamba. Akamzunguka mbuzi polepole, akamwangalia meno, akamwangalia kwato.

"Shemeji," akauliza, "na huyu anatembea kilomita ngapi kwa lita?"

Masara nzima ilicheka. Mpaka leo mbuzi huyo anaitwa Ishirini na Moja, na amezaa.

Nilidhani mume wangu amejifunza. Wiki iliyofuata nikachungulia simu yake, kwenye kundi moja la WhatsApp la wenye haibridi. Alikuwa ameandika: "Wakuu, baada ya utafiti wa kina barabara ya Migori hadi Rusinga, nimegundua watu wengi wanaziba tundu la betri bila kujua. Angalieni tepu."

Watu zaidi ya hamsini walikuwa wamemshukuru. Sasa wanamwita Mhandisi.

Nilituma tu picha ya mbuzi kwenye hilo kundi, kwa simu yake, bila maelezo.

Somo langu ni dogo. Namba iliyoandikwa kwa karatasi haijawahi kupanda mlima wa Rongo na mashemeji wanne. Kabla hujamwita mkeo mwizi, inua kava ya kiti uangalie nani alibandika tepu.

Na Chrispine, najua unasoma hii. Chupa yangu ya rangi ya kucha bado sijaiona.