Marehemu Amekataa Kufutwa

Wazee wenzangu, leo mke wangu marehemu amenitoa jasho.

Mnajua binti yangu Wambui, aliye Uingereza, alisema sitaoa tena kabla hajamwona huyu mchumba wangu, mama wa Ngoliba. (Mimi na mvi zangu naomba ruhusa!)

Basi nikapeleka picha niliyopigwa na mchumba sebuleni kwangu kwa saiba, duka la intaneti hapa Thika. Nyuma yetu, ukutani, ilining'inia picha ya marehemu.

Nikamwambia msichana wa kompyuta, "Huyo mtoe. Posa haitaki shahidi."

Akamfuta, ukuta ukabaki mweupe.

Programu ya picha ikakataa kuituma. Ya barua pepe nayo ikakataa. Akajaribu nyingine, ikaenda.

Wambui akajibu upesi: "Baba, huyo mama nimempenda, oa. Lakini Mama kwa ile picha ya ukutani, mbona amefumba macho?"

Tukafungua tuliyotuma. Ukuta mweupe.

"Guka, mashine haina shida," msichana akamwambia babu huyu, akisogeza kiti chake mbali nami.

Ile picha nyote mnaijua. Anakodoa macho kama askari wa zamu!

Sasa mchumba ananingoja nyumbani na chai, amekaa chini ya picha hiyo.

Nani shujaa atangulie kuingia, aniambie kama marehemu bado anatazama?