Maua Yasiyokunywa Maji

Enzi zetu kule Ganze, ua la kweli halikuwa na heshima yoyote. Likichanua porini, mbuzi walilimaliza. Ua la maana lilikuwa la plastiki, jekundu la kuumiza macho, limesimama kwenye chupa juu ya kitambaa cha kufuma, likingoja wageni. Mama alianza na ya karatasi, aliyofundishwa kukunja na akina mama wa kanisani, lakini makuti yalipovuja, maua yakageuka uji. Ndipo akashuka Malindi kununua haya ya plastiki, akarudi ameyapakata kama mtoto mchanga. "Nyumba bila maua ni banda la kuku," alitwambia, na kuku wenyewe tulilala nao.

Maua hayo hayakunywa maji, ila yalioga kutushinda sisi. Tulitembea alfajiri hadi silangani, kwenye bwawa la maji ya mvua, tukarudi na ndoo kichwani, shingo zikizama mabegani, ili plastiki ing'ae.

Kiangazi kimoja kikali, watu wa upande wa mchumba wa dada yangu Kadzo walileta habari kwamba wanakuja kuposa. Mama akamimina maji yetu ya mwisho kwenye beseni, akasugua maua jani kwa jani kwa sabuni ya unga. Wageni walifika, wakayasifu sana. Kisha babake mchumba akaomba maji ya kunywa.

Mtungi ulikuwa mkavu. Kadzo alijifunika uso kwa leso, maana nani angeoa katika nyumba inayomnyima mgeni maji?

"Nimeyaoshea maua, baba," mama akasema.

Mzee akayatazama maua, akamtazama mama, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mwanamke anayeosha plastiki kiangazi hiki, bintiye hataniachia sufuria chafu. Tumekubali."

Hivyo ndivyo dada yangu alivyopata mume.

Mwaka huu ameposwa bintiye Kadzo, Kilifi mjini. Vijana wetu, ambao walizaliwa wakijua kila kitu, walikodi ukuta mzima wa maua bandia ya kitambaa. Ua la kweli, walitueleza, hunyauka kabla picha haijapendeza. Wakayapulizia marashi ili yanukie kama yale waliyoyakataa, wakapanga foleni na midomo mbele, huku pilau ikipoa. Nami nilipiga picha, nisiwadanganye. Yalipendeza kweli.

Mama, ambaye macho yake sasa yamefifia, alisogea akayapapasa polepole. "Mazuri, mjukuu wangu. Kesho mtayaweka wapi?"

"Hawe," bintiye Kadzo akamjibu bibi yake, "haya si yetu. Mwenyewe anayafuata saa kumi na mbili."

Mama akaondoa mkono haraka, akaomba radhi. Roho iliniuma. Tulikuwa maskini wa kila kitu, hata maji, lakini maua yalikuwa yetu.