Magari ya Rumonge
Teksi iliyonichukua mpakani Gatumba ilizimika Buyenzi, mtaa nisioujua, mbele ya duka la vipuri lililofungwa. Dereva akasema tumsubiri mwenye duka, ameitwa kuosha maiti. Nilidhani ananitania.

Mwenye duka, mwanamke aliyeitwa Sijaona, alifika saa tano, kitenge kimelowa hadi magotini. Alifungua duka, akaanza kututafutia mkanda wa injini kati ya mikanda mikuukuu. Mwaka ule wa 1997, kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, vipuri vipya havikuingia. Duka lilikuwa la mumewe, aliyechukuliwa mwaka juzi na hakurudi. Mchana Sijaona alikuwa akifanya kazi ya kupiga deki hospitalini. Alilea watoto wake watatu na wawili wa wifi yake, na mwanamke yeyote akifa Buyenzi, aliitwa yeye.

Mama yake alikuwa mahututi Rumonge. Alikuwa ametuma neno kwamba akifa asioshwe na mkono mwingine ila wa binti yake. Lakini barabara ya kusini ilipitika kwa msafara wa askari tu, na siku ya msafara haikujulikana mapema. Wa mwisho, alituambia, ulitoka juzi. Alikuwa akingoja mwingine.

Mwenzake wa hospitalini, Spéciose wa Nyakabiga, alipita akitoka zamu. Akasimama mlangoni.

“We uko hapa bado?”

“Niende wapi?”

“Magari ya Rumonge yameondoka leo saa mbili. Si nilikuambia jana? Ejo.”

“Mi nikajua unasema yalikwisha kwenda.”

Kirundi kina neno moja tu, *ejo*, kwa jana na kesho; kitenzi ndicho kinachotofautisha. Jana, kwenye koridoni ya hospitali, ndoo mkononi, Spéciose hakuweka kitenzi, na Sijaona akasikia siku iliyopita. Siku nyingine Sijaona angeuliza; Kirundi alikijua tangu utotoni. Lakini jana mtoto wa wifi yake alikuwa na homa, msimamizi alikuwa amemtishia kumfukuza kwa kuchelewa, na mke wa imamu alikuwa amemtumia mtu mara mbili kumwita kwa kazi ya kuosha.

“Nyinyi Waswahili munataka kila siku na jina yake,” Spéciose alisema, akacheka.

Sijaona alikuwa bado ameshika mkanda.

“Saa mbili,” alisema, “nilikuwa namwanga maji juu ya mama wa mutu.”

Ng'ambo ya barabara dereva mmoja, Shakuru, alikuwa akifunga mapipa matupu ya mawese kwenye lori. Alikuwa akirudi Rumonge bila askari; matajiri wake hawakutaka kungoja. Sijaona alivuka, akaomba nafasi. Shakuru alikataa. Wiki iliyopita, alisema, lori kama lake lilichomwa na watu wake ndani.

“Nani aliwaosha?” Sijaona aliuliza.

Shakuru akasogeza gunia lililokuwa kitini.

Spéciose alisema atamfanyia Sijaona zamu ya hospitalini. Sijaona alirudi dukani akachukua pamba na kafuri zilizobaki asubuhi, akazifunga ndani ya mtandio. Mkanda aliouacha mezani ulikuwa mfupi. Dereva wangu alikuwa amekwenda kuuliza kwa mafundi wengine.

“Kaka, we unangoja tu,” Sijaona aliniambia. “Binti yangu Sumaya akitoka shule, mupe ufunguo. Mwambie apike.”

“Nimwambie umekwenda wapi?”

Alikwisha kupanda. Lori lilipinda kuelekea kusini, mapipa yakigongana, nami nikabaki mlangoni nikitafuta maneno ya kumwambia mtoto nisiyemjua.